Muulize Mwalimu wa Maabara: Fosfatasi zisizokata zina kazi gani?

Toleo lililopita niligusia kwa aya moja tu kwamba katika miili ya wanyama zimo fosfatasi zisizoweza kuondoa fosfati, na kwamba wanasayansi huziita sudofosfatasi. Aya ile imeleta barua nyingi. Kwa kuwa zinagusana, ukurasa wote wa mwezi huu nimeupa jambo hilo.

Shikamoo Mwalimu. Nasoma mwaka wa pili, sayansi ya maabara, Mwanza. Tumefundishwa kwamba kazi ya fosfatasi ni kuondoa fosfati kwenye protini. Wewe umesema zipo zisizoondoa chochote na bado mwili unazitunza. Mwenzangu anasema hayo ni mabaki tu ya mageuko, hayana kazi. Nani yuko sahihi?

Marahaba mwanangu. Mwenzako amekosea. Lakini tuanze na fosfatasi yenye uwezo wake wote, maana usipoijua hiyo hutaona kilichopotea kwa nyingine.

Seli huwasha na kuzima protini zake kwa kuzibandika fosfati, kikundi kidogo cha atomu za fosforasi na oksijeni. Kinasi hubandika, fosfatasi hubandua. Edmond Fischer na Edwin Krebs walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1992 kwa kuonyesha kwamba kubandika na kubandua huko ndiko kunakoendesha mambo mengi ndani ya seli. Miaka minne kabla, mwaka 1988, Fischer na Nicholas Tonks walikuwa wametangaza fosfatasi inayobandua fosfati kwenye tairosini, mojawapo ya asidi amino zinazounda protini. Waliisafisha kutoka kwenye kondo la nyuma la binadamu, kondo lile lile ambalo kwetu huzikwa mama akishajifungua. Wakaiita PTP1B.

Kila asidi amino ina herufi yake. Ukiisoma PTP1B herufi kwa herufi utafika mahali palipoandikwa HCSAGIGR. Herufi hizo nane hujikunja zikawa sakafu ya kishimo, na fosfati huzama humo. R ya mwisho, arginini, huishika fosfati kwa chaji yake chanya. C, yaani sisteini, ina atomu ya salfa inayoivamia fosfati na kuing'oa kwenye tairosini. Juu ya kishimo hujifunga kitanzi kingine chenye D, asparteti, ambayo huitolea tairosini protoni ili iachane na fosfati. Kisha maji huisafisha sisteini, fosfati inaondoka, na kimeng'enya kiko tayari kwa zamu nyingine.

Sasa tazama STYX, protini iliyoelezwa na maabara ya Jack Dixon, Marekani, mwaka 1995. Mahali pale pale inasomeka HGNAGISR. H ipo, R ipo, ila palipopaswa kukaa C pamekaa G, glisini, asidi amino ndogo kuliko zote, isiyo na salfa wala tawi lolote la pembeni la kuvamia kitu. STYX haikati, yaani haibandui fosfati. Walichofanya watu wale baada ya hapo ndicho ninachopenda kuwasimulia wanafunzi wangu: waliibadili G hiyo moja ikawa C, na STYX ikaanza kukata. Kwa hiyo kuta za kishimo, kina chake na mshiko wa arginini vilikuwa vimebaki vyote. Kilichokuwa kimeondoka ni ncha ya kukatia tu.

Wewe uko maabara, kwa hiyo jambo hili utaliona kwa macho. Tunapima fosfatasi kwa kuipa para-nitrofenili fosfati, myeyuko usio na rangi. Fosfati ikitoka, ukaongeza sodiamu hidroksaidi, bomba linageuka njano, na mashine inaisoma njano hiyo kwenye nanomita 405. Nimesimamia zoezi hili kwa wanafunzi wengi, na kila mara darasa zima hukimbilia mabomba ya njano. Bomba lililobaki bila rangi linaandikiwa sifuri na kuwekwa kando. Mimi huwasimamisha hapo hapo. Sifuri ile imetuambia kitu kimoja, kwamba fosfati haikutoka. Haijatuambia kama protini imeshika kitu.

Koleo la fundi umeme lina makali karibu na kiungo na meno ya kubania kwenye ncha. Makali yakiisha fundi halitupi, maana bado linabana. Ndivyo STYX ilivyo. Tena wanabiokemia wenyewe huua makali hayo kwa makusudi. Mwaka 1997 maabara ya Tonks iliibadili ile D ya PTP1B ikawa alanini. Kimeng'enya kikapoteza karibu uwezo wote wa kukata, kikabaki kimeng'ang'ania protini ambazo siku zote kinazikata na kuziachia. Wakazivua pamoja nacho, wakazitambua. Mtego huo walioutengeneza mezani, wanyama walikuwa nao siku nyingi.

Kuhusu mabaki: mwaka 2002 walitengenezwa panya wasio na STYX, na madume yao yakashindwa kutengeneza mbegu kwa njia ya kawaida. Mwaka 2013 ikaonekana kwamba ndani ya kiini cha seli STYX huishika kinasi iitwayo ERK na kuizuia isitoke ovyo. ERK ni mojawapo ya protini zinazoiamrisha seli igawanyike au isigawanyike, kwa hiyo mahali ilipo si jambo dogo. Kitu ambacho kikikosekana dume linakosa mbegu, mimi sikiiti mabaki. Msomee mwenzako aya hii.

Habari za kazi, Mwalimu. Karatasi yangu ya vipimo vya ini inaonyesha ALP iko chini. Nimeambiwa ALP ni fosfatasi. Je, mimi ndiye mwenye hizo fosfatasi zisizofanya kazi? Mama wa nyumbani, Tanga.

Nzuri, mama. Hapana, wala usihangaike kwa hilo. ALP ni ya ukoo mwingine kabisa. Hukata kwa serini na madini ya zinki, na kwako inakata, ila imesomeka kidogo.

Jambo la kwanza la kuuliza ni chupa gani ilitumika. Damu ya kipimo hiki ikiingia kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, yenye dawa ya EDTA, dawa hiyo hunyakua zinki na magnesiamu, na ALP husomeka chini hata kama mwilini iko sawasawa. Omba kipimo kirudiwe. Kikibaki chini, daktari ataangalia lishe na upungufu wa zinki, pamoja na tezi ya shingo. Upo pia ugonjwa adimu wa kurithi unaotokana na hitilafu katika jeni ya ALP yenyewe. Mtoto mwenye nao huweza kung'oka meno ya utoto mapema mno, mizizi ikiwa mizima. Huo ni ugonjwa wa kimeng'enya kilichoharibika katika familia fulani. STYX niliyoieleza juu ni ya kila mmoja wetu, na kwa mtu mwenye afya kamili ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Salaam, mwalimu mwenzangu. Nafundisha baiolojia sekondari, Mombasa. Kama herufi moja inatosha kuua kimeng'enya, kwa nini mageuko hayajazifuta jeni hizi? Na tutajuaje kwamba hazikuharibika juzi tu?

Salaam, mwalimu. Swali lako la pili ndilo linalojibu la kwanza.

Njia inayojulikana sana ya kuzaliwa kwa protini hizi ni jeni kujinakili. Nakala moja inaendelea kukata, nyingine inapata nafasi ya kubadilika bila seli kupata hasara. Nakala nyingi za namna hiyo hufa kweli. Utazijua kwa jinsi zinavyooza: herufi zimevurugika kila mahali, mwanzo hadi mwisho, mpaka jeni haisomeki tena. Jeni inayolindwa ina sura tofauti. Imebaki nzima kwa urefu wake wote, mikunjo yote ya protini ipo, na zilizobadilika ni herufi mbili tatu za kukatia. STYX na wenzake ni wa aina hii ya pili. Kama zingekuwa zimeachwa, kishimo kisingebaki na umbo kiasi cha kufufuliwa kwa herufi moja.

Wala si wachache. Hesabu ya mwaka 2004 ya jeni za fosfatasi za ukoo huu kwa binadamu ilifikia 107, na 11 kati yake zikaonekana hazikati. Kwa kinasi, hesabu ya mwaka 2002 ilitaja 518, na kama 50 kati yake zimekosa herufi za kazi. Ni karibu moja katika kila kumi, upande wa wanaobandika na upande wa wanaobandua. Nikiona uwiano kama huo unajirudia, siuiti ajali.

Tena hazikutoka kwa mzazi mmoja. STYX imepoteza C. Jamaa yake MK-STYX amepoteza H na C zote mbili na kuweka F na S, anasomeka FSTQGISR. TAB1 ni wa ukoo wa fosfatasi zinazotegemea madini, hana hata hiyo sisteini katika historia yake. Yeye amepoteza sehemu za kushikia madini, na kazi yake leo ni kuiamsha kinasi iitwayo TAK1. Njia ni tatu, na mwisho wa kila moja ni protini inayoshika bila kukata.

Lakini kundi linalonishawishi kuliko yote ni la maiotubularini. Hizi hukata fosfati kutoka kwenye mafuta ya utando wa seli, hazigusi protini. Ya kwanza, MTM1, ilijulikana mwaka 1996 kwa watoto wa kiume wanaozaliwa na misuli dhaifu, wengine wakihangaika hata kupumua. Binadamu ana ndugu zake wengi, na sita kati yao hawakati: MTMR5, MTMR9, MTMR10, MTMR11, MTMR12 na MTMR13. Ukiwafuata wengi wao ndani ya seli, utamkuta asiyekata ameshikamana na mkataji. MTMR9 humwongezea MTMR6 nguvu ya kukata. MTMR12 humlinda MTM1 asivunjwe.

Sasa sikiliza ushahidi ambao ningeuandika ubaoni. Mwaka 2000 iligunduliwa kwamba hitilafu katika MTMR2, ambayo inakata, huleta aina mojawapo ya ugonjwa wa neva wa Charcot-Marie-Tooth, ile iitwayo 4B1. Mtoto anaanza kujikwaa, miguu inalegea kwenye kifundo, baadaye misuli midogo ya viganja inakonda. Ukiichukua neva yake na kuitazama kwa hadubini, mayelini, ile ala ya mafuta inayoizunguka, imejikunja vibaya kuelekea nje. Mwaka 2003 zikachunguzwa familia nyingine, zikiwamo mbili za Afrika ya Kaskazini ambazo wagonjwa wake walikuwa pia na presha ya macho tangu wakiwa wadogo. Miguu ile ile, viganja vile vile, mayelini imejikunja vile vile. MTMR2 yao ilikuwa nzima. Iliyokuwa na hitilafu ni MTMR13, ambayo haijawahi kukata kitu. Baadaye maabara zikaonyesha kwamba MTMR13 na MTMR2 hushikana, na kwamba zikiwa pamoja MTMR2 hukata kwa nguvu kubwa zaidi.

Ukimkosa mkataji, neva inaharibika. Ukimkosa asiyekata, neva ile ile inaharibika kwa namna ile ile. Mwanafunzi akiuliza protini isiyokata ina faida gani, mpe hilo.

Na kuhusu "juzi": mnyoo mdogo wa udongoni, Caenorhabditis elegans, anazo maiotubularini MTM-6 inayokata na MTM-9 isiyokata, na ukimnyang'anya yoyote kati ya hizo mbili, seli zake fulani zinashindwa kumeza vitu kutoka nje kama kawaida. Babu wa pamoja wa mnyoo huyo na sisi aliishi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita.

Mwalimu, unasema "zinashika". Zinashika nini, na nani ameona? Nipe mfano mmoja ninaoweza kuuona kichwani. Msomaji, Dodoma.

Basi tubaki na mnyoo yule yule, maana ana urefu wa milimita moja hivi na mwili wake ni wa kuona ndani. Ukimweka chini ya hadubini unayaona mayai yake yamejipanga foleni ndani ya mwili, moja nyuma ya jingine, yakisubiri kupita kwenye kifuko chenye mbegu za kiume. Huhitaji kumpasua.

Yai linapopita hapo linarutubishwa, na ndani ya takriban nusu saa linapaswa kuacha mambo ya yai na kuanza mambo ya kiinitete. Kabla ya hapo lilikuwa na protini iitwayo MEI-1, ambayo hukatakata nyuzi ndogondogo ili kromosomu za mama zipunguzwe nusu. Kazi hiyo ikiisha, MEI-1 lazima iondoke mara moja, kwa sababu ikibaki itazikata nyuzi kubwa zinazohitajika seli igawanyike mara ya kwanza. Anayetia MEI-1 alama ya kuharibiwa ni kinasi iitwayo MBK-2.

Shida ni kwamba MBK-2 huwa tayari imeshaiva kabla ya wakati. Imo ndani ya yai linalosubiri foleni, imeshabandikwa fosfati yake kwenye tairosini, inaweza kufanya kazi muda wowote. Ikianza mapema, MEI-1 inaharibiwa wakati bado inahitajika. Kwa nini haianzi?

Mwaka 2009 makundi mawili ya watafiti nchini Marekani yalitoa jibu. Ndani ya yai zimo protini mbili, EGG-4 na EGG-5, zinazofanana karibu herufi kwa herufi. Zote mbili zina umbo la fosfatasi ya tairosini na hazina herufi za kukatia. Hizi hukamata MBK-2 kwenye tairosini ile ile ya kuwashia. Fosfatasi ya kawaida ingefika pale, ikakata, ikaondoka, na kinasi ingebaki imezimwa mpaka iwashwe upya. EGG-4 na EGG-5 zinafika pale na kubaki hapo hapo. Kinasi inabaki imeiva ila imefungwa, na imebanwa ukingoni mwa yai chini ya utando, pamoja na ndugu yao wa tatu, EGG-3. Saa ikifika, EGG-3 inavunjwa, MBK-2 inaachiwa, inasambaa katikati ya yai na kuanza kazi bila kuchelewa.

Watafiti walipoziondoa EGG-4 na EGG-5 zote mbili, MBK-2 ilianza kazi kabla ya saa yake, ganda la yai halikutengenezwa vizuri, mbegu zaidi ya moja ziliweza kuingia, na viinitete vikafa. Ukiondoa moja tu, nyingine inaziba pengo.

Hebu zingatia ubora wa mpango huu. Kukata kungezima kinasi, na kuiwasha tena kungechukua muda ambao yai halina. Kushika kunaiweka tayari. Hapa kukosa makali ndiko kunakofaa kuliko kuwa nayo, na ndiyo sababu mfano huu naupenda kuliko wa panya.

Dada Mwalimu, mimi ni baba wa mtoto wa miaka tisa mwenye kisukari, Moshi. Anachoma insulini. Damu yake ilipelekwa kupimwa kingamwili na majibu yamerudi "IA-2 hasi". Ndugu mmoja anatuambia basi hiyo si aina ya kwanza, tuache sindano tutumie vidonge. Nimesoma mahali kwamba IA-2 ni mojawapo ya fosfatasi hizi. Tufanye nini?

Kaka yangu, pole na mtihani huo. Kabla ya yote: msiache insulini. Mtoto aliyepewa insulini kwa sababu kongosho lake halitoi ya kutosha, akiachishwa, anaweza kuwa mahututi ndani ya siku chache. Uamuzi wowote wa kubadili dawa ufanywe na daktari wake akiwa na vipimo mkononi, na asiwe ndugu wa familia.

Umesoma sawa. IA-2 ni fosfatasi isiyokata, na ndiyo inayojulikana zaidi hospitali kuliko zote, ingawa wengi wanaoiandika kwenye fomu hawajui asili yake. Imekaa kwenye utando wa vifuko vidogo vinavyohifadhi insulini ndani ya seli za kongosho, na mkia wake wenye umbo la fosfatasi umeelekea ndani ya seli. Seli inapomwaga insulini, mkia huo hukatwa, na kipande chake huenda kwenye kiini kuhimiza jeni ya insulini isomwe zaidi. Ni njia ya seli kujua kwamba ghala limepungua. Panya walionyimwa IA-2 na pacha wake hutoa insulini pungufu, na majike yao hayazai.

Kwa nini mwili wa baadhi ya watu unaishambulia? Katika kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili huvamia seli za kongosho, na kingamwili dhidi ya IA-2, hasa dhidi ya mkia ule, huonekana kwenye damu. Kingamwili zenyewe ni ishara ya vita. Kinachoua seli hasa ni chembe za kinga zenyewe. Kwa watoto wa Ulaya wenye kisukari kipya, zaidi ya nusu huwa nazo.

Afrika mambo yako tofauti, na hili linakuhusu moja kwa moja. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti wa watoto na vijana karibu 900 wenye kisukari cha kutumia insulini nchini Kameruni, Uganda na Afrika Kusini, ambao madaktari walikuwa wamewaandika aina ya kwanza. Takriban theluthi mbili hawakuwa na kingamwili zozote kati ya zilizopimwa, IA-2 ikiwamo. Hata hivyo walikuwa na upungufu wa insulini, na picha yao haikufanana na ya aina ya pili. Kwa hiyo jibu "hasi" kwa mtoto wa kwetu halimaanishi kwamba hahitaji insulini. Linamaanisha tu kwamba kingamwili hiyo moja haikuonekana.

Muulizeni daktari kama kingamwili nyingine za kisukari, za GAD na ZnT8, zilipimwa pia, na kama C-peptaidi inaweza kupimwa. Hiyo ya mwisho inaonyesha kongosho lenyewe linatoa insulini kiasi gani, na ndiyo yenye msaada zaidi kwa swali lenu. Huyo ndugu mwambieni kwa heshima kwamba nia yake ni njema ila ushauri wake ni wa hatari. Nasema hivi nikiwa na uchungu, kwa sababu watoto hupotea kwa ushauri wa namna hii.

Shikamoo Mwalimu. Sisi ni klabu ya sayansi, kidato cha sita, Iringa. Hatuna maabara ya protini. Kuna zoezi lolote tunaloweza kufanya kwa simu?

Marahaba wanangu. Lipo, na ni zuri. Fungueni UniProt, hazina ya wazi ya mfuatano wa protini. Tafuteni protini za binadamu za jeni nne: PTPN1, DUSP3, STYX na PTPRN. Nakilini mfuatano wa kila moja kwenye daftari au faili. Kisha tafuteni kwa macho mahali penye H, C, herufi tano zozote, halafu R.

Kwenye PTPN1, ambayo ndiyo PTP1B, mtapata HCSAGIGR. Kwenye DUSP3 mtapata HCREGYSR. Kwa STYX mtaikosa, mpaka mkubali G mahali pa C. Hapo gawanyikeni makundi mawili, kila kundi litabiri ipi inakata na ipi haikati kabla ya kusoma maelezo.

PTPRN ndiyo IA-2 ya swali lililotangulia, na itawasumbua. Mtakuta HCSDGAGR. C ipo! Wengi watasema inakata. Linganisheni tena na PTP1B, herufi ya nne: palipo na A, alanini, IA-2 ina D, asparteti, yenye chaji hasi, na imekaa ndani ya kishimo kinachotakiwa kupokea fosfati, ambayo nayo ni hasi. Kisha rudini nyuma kwenye mfuatano mtafute kitanzi cha asparteti. PTP1B inasomeka WPD. IA-2 inasomeka WPA, D imetoweka mahali ilipohitajika. Mwaka 1996 watafiti walizirudisha herufi hizo mbili, A kwenye kishimo na D kwenye kitanzi, na IA-2 ikakata.

Andikeni kwenye ripoti yenu mlitabiri nini kabla na baada ya kuona WPA, na mniletee. Nitakayochapisha ni ile iliyoeleza vizuri zaidi sababu, hata kama utabiri wake wa kwanza haukuwa sahihi.